Unene wa Shina: Namba Gani Uandike Unapoweka Hinti Kwenye Fonti

Wengi wanaomaliza kuchora fonti yao ya kwanza hukwama mahali pamoja: kwenye hinti, yaani maagizo ndani ya fonti yanayosaidia mistari ya herufi ikae vizuri kwenye pikseli za skrini. Programu inawafungulia visanduku vya unene wa mashina (mistari ya herufi), yaani StdHW, StdVW, StemSnapH na StemSnapV, vyote vitupu, nao hawajui waandike nini. Kuna wanaoviacha hivyo hivyo. Kuna wanaobonyeza kitufe cha kukisia na kukubali chochote kitakachotokea. Na kuna wanaojaza namba kumi wakidhani wingi ndio usahihi. Swali hili limenifikia mara nyingi mno, ndiyo maana nimeandika hapa utaratibu wote ninaoufuata mwenyewe, hatua kwa hatua.

Jibu langu kwa kifupi ni hili: thamani moja kwa kila mwelekeo, itoke kwenye herufi ndogo zinazojirudia sana, na isiwe wastani. Ukiwa na haraka, ondoka na hilo. Ukitaka kujua namba yenyewe inapatikanaje, kaa tuendelee.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Fonti iliyokwisha kuchorwa. Ukipima leo na kesho ukanenepesha herufi, kazi ya leo imepotea.
- Programu ya kutengenezea fonti. FontForge ni ya bure na inatosha kabisa. Glyphs na FontLab pia zinafaa.
- Kanda za mpangilio, yaani BlueValues, ziwe zimeshajazwa. Hizo ndizo zinazoshika urefu wa herufi, na zikikosewa utalaumu mashina bure.
- Karatasi na kalamu, au lahajedwali.
- Kompyuta ya Windows au Linux yenye skrini ya kawaida, isiyo na pikseli za kubanana sana. Mac haifai kwa majaribio haya kwa sababu macOS hupuuza hinti. Simu nyingi za leo nazo zina pikseli ndogo kiasi kwamba hutaona tofauti. Hinti ni kwa ajili ya skrini za kawaida, zile za maofisini, mashuleni na kwenye vibanda vya intaneti, ambako watu husoma siku nzima.

Nadharia kidogo, kisha tuingie kazini

Shina ni mstari wa herufi wenye unene. Mengine yamesimama, kama mstari wa *l* na miguu ya *n*. Mengine yamelala, kama kipande cha juu cha *T*, msalaba wa *t*, na tumbo la juu na la chini la *o*. StdHW ni unene wa mashina yaliyolala, na hupimwa kutoka juu kwenda chini. StdVW ni unene wa mashina yaliyosimama, na hupimwa kutoka kushoto kwenda kulia. Hapo ndipo wengi hugeuza namba: wanaona H wanadhani ni upana. Kwa fonti nyingi za Kilatini, StdHW huwa ndogo kuliko StdVW. Kama kwako ni kinyume, rudi uangalie tena.

Majina haya yametoka kwenye fonti za Type 1, aina ya zamani ya fonti za Adobe, ambazo maelezo yake ya kiufundi yalitolewa hadharani mwaka 1990. Adobe wenyewe waliacha kuunga mkono Type 1 Januari 2023, lakini fonti za OTF zenye muundo wa CFF (namna ya kuhifadhi michoro ya herufi) zilirithi visanduku vile vile.

Hesabu unayoihitaji ni moja tu (em ni mraba ambao herufi huchorwa ndani yake, uliogawanywa kwa yuniti):

*unene wa shina × saizi kwa pikseli ÷ yuniti za em = unene kwa pikseli*

Fonti yenye em ya yuniti 1000 na shina la 70, ikionyeshwa kwa pikseli 16, itatoa 70 × 16 ÷ 1000, sawa na 1.12. Skrini haina pikseli moja na kitu, kwa hiyo inapokadiriwa kwa pikseli kamili shina litakuwa 1. Likifika 1.5 linaruka kuwa 2. Saizi ambayo shina huruka ninaiita kivuko. Kwa em ya 1000, kivuko cha kwanza ni 1500 ÷ unene, kisha unapandisha hadi namba nzima inayofuata. Kwa shina la 70 ni 1500 ÷ 70 = 21.43, yaani pikseli 22.

Kwa anayefikiria kwa pointi: kwenye skrini ya dpi 96, pointi 12 ni pikseli 16.

Hatua ya 1: Safisha mchoro kwanza

Pitia herufi zako zote. Kama *n* ina mguu wa 84 na *h* ina mguu wa 83, hukukusudia tofauti hiyo. Mkono umeteleza tu. Zirekebishe zilingane sasa hivi, kwenye mchoro wenyewe. Thamani za shina haziwekwi ili kuficha uzembe wa kuchora.

Hakikisha pia kila tumbo la mviringo lina nukta kwenye ncha zake za juu, chini, kushoto na kulia. Bila nukta hizo programu haioni shina lolote la kupima. Mwishowe ondoa maumbo yanayopandana.

Hatua ya 2: Chagua herufi za kupima

Usipime fonti nzima. Anza na herufi ndogo, maana ndizo zinazojaza ukurasa.

Kwa mashina yaliyolala pima: *o* juu na chini, *e* msalaba wake, *a*, *t*, *f*, *z*. Kisha herufi kubwa *E, F, H, T, O*.

Kwa yaliyosimama pima: *i, l, n, m, h, u, d*, kisha *o* na *e* ubavuni. Halafu *H, I, E, O, D*.

Mistari ya mshazari iache. Mikono ya *k*, *w*, *v* na *y* haihesabiki kama shina na haipati hinti. Jambo hili linatugusa sisi tunaoandika Kiswahili, maana *k*, *w* na *y* zimejaa kila mahali: *kwa*, *wao*, *yake*, *kuwakaribisha*. Mishazari hiyo itabaki na ukungu wake kwenye skrini hata ufanye nini, hivyo herufi jirani zisipokuwa imara neno zima linaonekana limelegea.

Hatua ya 3: Pima na uandike

Andika kila kipimo, hata kinachokuudhi. Nitatumia mfano wa fonti isiyo na serifu (vijimkia vya kwenye ncha za herufi), yenye em ya 1000. Mashina yaliyolala yametoka hivi:

- *e* msalaba: 64
- *a*: 68
- *o*, *t*, *f*: 70
- *z*: 72
- *H*, *O*: 76
- *E*, *F*, *T*: 78

Hakuna kosa hapo. Msalaba wa *e* unapunguzwa makusudi ili tundu lisijae wino, na herufi kubwa hunenepeshwa kidogo ili zisionekane dhaifu mbele ya herufi ndogo. Huo ni uchoraji mzuri. Tatizo linaanza zinapofika kwenye pikseli.

Hatua ya 4: Tafuta kivuko cha kila kipimo

Ni hatua inayorukwa na wengi, nami ningependa uifanye kwa mkono angalau mara moja. Gawa 1500 kwa kila unene:

- 64 → pikseli 24
- 68 → pikseli 23
- 70 → pikseli 22
- 72 → pikseli 21
- 76 na 78 → pikseli 20

Sasa chukua neno *zote* ulione kama skrini itakavyoliona ikiwa kila shina litaachwa lijiamulie. Kwenye pikseli 20, mashina yote manne yana unene wa 1. Kwenye 21, *z* peke yake inaruka kuwa 2, nayo *o*, *t* na *e* zimebaki 1. Kwenye 22, *o* na *t* zinaifuata. Msalaba wa *e* unangoja hadi 24. Maana yake kuna saizi tatu mfululizo ambazo neno la herufi nne limevaa unene wa aina mbili. Msomaji hatakwambia kwamba vivuko havilingani. Atakwambia tu kwamba maandishi yanamchosha macho, kisha atabadilisha fonti.

Ukiandika StdHW = 70, unaiambia injini ya kuchorea herufi: mashina yote yaliyo karibu na 70, kwa saizi ndogo, yahesabu kuwa 70. Hapo herufi zote zinavuka pamoja kwenye pikseli 22.

Hatua ya 5: Amua ni thamani ngapi

StemSnapH na StemSnapV ni visanduku vya kuongezea thamani nyingine za mashina yaliyolala na yaliyosimama, na hukubali hadi thamani 12 kila moja, kuanzia ndogo kwenda kubwa. Nafasi hizo kumi na mbili zimewaponza wengi. Fonti yangu ya kwanza ya maandishi marefu niliijazia thamani tisa kwa mashina yaliyolala, nikijiona nimefanya kazi ya uangalifu. Ilipofunguliwa kwenye kompyuta za ofisi moja, mistari ilijaa madoadoa: herufi hii nyeusi, ile imepauka. Nilikuwa nimeirudishia kila herufi kivuko chake, yaani nimefuta kazi yote ambayo hinti ilipaswa kufanya.

Jiulize: tofauti ya vipimo hivi viwili inakuwa pikseli moja nzima kwenye saizi gani? Gawa 1000 kwa tofauti. Kati ya 70 na 78 kuna yuniti 8, na 1000 ÷ 8 ni 125. Ina maana tofauti hiyo haijai pikseli moja mpaka herufi iwe na pikseli 125, karibu pointi 94 kwenye skrini ya dpi 96. Hayo ni maandishi ya bango. Kwa maandishi ya kusoma, 70 na 78 ni kitu kimoja, na 70 inatosha peke yake.

Mimi huongeza thamani ya pili pale tu vikundi viwili vinapoachana waziwazi, kwa robo ya unene au zaidi, na kila kikundi kina herufi nyingi. Kipimo kinachotokea kwenye herufi moja tu, tuseme alama ya asilimia au *&*, hakistahili kuandikwa.

Na fonti za serifu? Tuseme serifu zina 34 na sehemu nyembamba za *o* na *e* zina 40. Wengi huandika zote mbili. Lakini piga hesabu: 1500 ÷ 40 ni 37.5, na 1500 ÷ 34 ni karibu 44.1. Zote zitakuwa pikseli moja mpaka ufike 38, juu kabisa ya saizi ya kusoma kitabu au gazeti. Chukua 34, kwa sababu serifu zipo karibu kila herufi, uendelee na mengine.

*Onyo:* usichukue wastani. Wastani wa 34 na 50 ni 42, na huenda fonti nzima haina hata shina moja la 42. Chagua namba ambayo ipo kwenye mchoro na inajirudia kuliko nyingine.

Hatua ya 6: Yaliyosimama

Hapa nitapita haraka. Injini nyingi za sasa hazigusi tena mwelekeo wa kushoto na kulia. Injini ya CFF ambayo Adobe waliitoa mwaka 2013 kwa FreeType, maktaba ya bure ya kuchorea herufi, hushughulikia juu na chini pekee, na ttfautohint, programu ya kuweka hinti kwenye fonti za TTF, vilevile. Kwa hiyo ukiwa na saa moja tu, itumie yote kwenye StdHW.

Hata hivyo StdVW ijaze, kwa utaratibu ule ule. Katika mfano wangu *i, l, n, h, d* zina 84, *m* ina 80 kwa sababu miguu yake mitatu imebanana, *o* ina 88 na *H* ina 92. Naandika 84.

Kwa italiki, mashina yameinama na StdVW haina kazi kubwa. StdHW inabaki na umuhimu wake wote.

Hatua ya 7: Linganisha na ndugu zake

Kama fonti yako ina uzito zaidi ya mmoja, weka vivuko vyake pamoja kabla ya kufunga hesabu. Kila uzito hupewa thamani zake. Mfano wa mashina yaliyolala:

- Ya kawaida, 70: inakuwa pikseli 2 kwenye 22, na 3 kwenye 36.
- Ya kati, 84: inakuwa 2 kwenye 18, na 3 kwenye 30.
- Nzito, 110: inakuwa 2 kwenye 14, na 3 kwenye 23.

(Kivuko cha pili, kutoka 2 kwenda 3, ni 2500 ÷ unene.)

Tazama pikseli 22. Zote tatu zina 2. Kwa saizi hiyo moja, kichwa cha habari kilichoandikwa kwa fonti nzito kina mistari ya kulala sawa na aya iliyo chini yake. Dawa haiko mbali. Kama kwenye fonti nzito *o* ina 110 lakini *z* ina 114, andika 114: 2500 ÷ 114 ni 21.93, na kivuko kinashuka hadi 22. Tofauti imerudi. Kusogeza hivyo kwa yuniti chache ni halali, mradi thamani isitoke nje ya vipimo halisi vya herufi. Ukiipeleka mbali, mashina hayatahesabiwa tena kuwa karibu nayo na hayatavutwa.

Kati ya fonti ya kawaida na ya kati usihangaike. Kwenye saizi kadhaa zitafanana kwa pikseli nzima, na hakuna namba itakayozuia hilo.

Hatua ya 8: Andika thamani na uweke hinti upya

Kwenye FontForge fungua Element, kisha Font Info, kisha PS Private. Chagua StdHW uandike thamani ndani ya mabano mraba: [70]. StdVW: [84]. Kama una thamani ya pili, iweke kwenye StemSnapH pamoja na ile ya kwanza, ndogo ikitangulia. Kitufe cha Guess kitakupa makisio. Yasome kama ushauri wa kulinganisha na karatasi yako, usiyakubali hivi hivi.

Kwenye Glyphs, thamani za mashina zinaandikwa kwa kila uzito, ndani ya Font Info upande wa Masters. Anayetumia AFDKO, zana za fonti za Adobe, anaweza kupata ripoti ya mashina kwa otfstemhist. Ni msaada mkubwa wa hatua ya 3, ila uamuzi bado ni wako.

Baada ya kuandika, endesha AutoHint (amri ya programu ya kuweka hinti yenyewe) tena kwenye glifu zote, yaani maumbo yote ya herufi, ndipo utoe faili.

*Onyo kwa wanaotoa TTF:* visanduku hivi ni vya CFF. Muundo wa TrueType una jedwali lake la thamani, linaloitwa cvt. Ukitumia ttfautohint, yenyewe hupima unene wa kawaida kutoka kwenye herufi *o* ya Kilatini, kwa hiyo chora *o* yenye unene unaowakilisha fonti nzima. Kama em yako ni 2048, kumbuka kwamba 70 ya em 1000 ni kama 143.

Hatua ya 9: Jaribu kwa macho

Andika ukurasa wenye mistari ile ile kwa kila saizi kuanzia pikseli 9 hadi 30. Weka maneno haya: *zote, tafuteni, tathmini, mwananchi, ng'ombe, OFISI, HATI, TAFITI*. Kaa umbali wa kawaida wa kusomea. Usikuze picha kwanza. Tafuta saizi ambayo neno moja linaonekana lina doa, ndipo ukuze uone shina lipi limeachana na wenzake.

Kila unapotoa toleo jipya, lipe jina jipya, hata kwa kuongeza namba tu. Windows na programu za kuandikia hutunza fonti ya zamani, na unaweza kukaa nusu siku ukichunguza faili ambalo hulioni kabisa.

Mambo yakikataa

*Nimebadilisha thamani na hakuna kilichobadilika.* Angalia kwa mpangilio huu: unatazama kwenye Mac? Umetoa TTF badala ya OTF? Uliendesha AutoHint baada ya kubadilisha? Fonti ya zamani bado imesakinishwa?

*Herufi moja ni nyeusi kuliko nyingine.* Pima shina lake. Mara nyingi liko mbali na kikundi, au halina hinti kwa sababu nukta ya ncha haipo. Tengeneza mchoro. Usiiongezee herufi moja thamani yake binafsi.

*Fonti nzima inanenepa ghafla kwenye saizi fulani.* Hicho ni kivuko, na lazima kiwe mahali fulani. Kama kimeangukia saizi inayotumika sana, kisogeze kama tulivyofanya kwenye hatua ya 7. Kama kimekuja mapema kupita hesabu yako, huenda umeandika StdVW kwenye kisanduku cha StdHW.

*Vichwa vya* o *na* e *vinapita juu ya* n *na* x. Hilo si suala la mashina. Rudi kwenye BlueValues.

*Fonti yangu nyembamba sana, shina la 20, inaonekana sawa na ya kawaida.* Shina linalochorwa kwa pikseli nzima haliwezi kuwa chini ya moja. Ukiandika 20, 25 au 30, kwenye pikseli 16 utapata kitu kile kile. Andika kipimo halisi, na kwenye maelezo ya fonti waambie watumiaji kwamba uzito huo ni wa vichwa vikubwa, si wa aya.